Muhogo Haukutukosea

Ijumaa baada ya sala, karibu kila jiko la Mbweni linanukia kitu kimoja: pilau, au wali wa nazi kwa mchuzi. Mezani pana sinia la wali, kuku wa kukaanga, chapati za atakaye, kachumbari kwenye kibakuli kimoja kinachozungushwa kwa watu wanane, na soda zilizotoka barafuni. Jioni ni chai ya maziwa na boflo, pengine na maandazi. Usiku ni kiporo cha wali. Siku imekwisha, na mboga ya majani haijaingia kwenye sahani ya mtu yeyote katika nyumba ile. Nazungumzia nyumba yenye uwezo, yenye geti la chuma na friza, ambayo ikitaka mchicha itaupata hatua chache kutoka mlangoni.

Nimeichagua Mbweni kwa sababu hapa mambo mawili yanakaa ukuta kwa ukuta. Mtaa huu ulio kusini ya Mji Mkongwe, ukishaipita Mazizini, umejaa nyumba za watu waliofanikiwa. Na ndani yake kipo chuo cha sayansi za afya, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinachowafundisha vijana wetu uuguzi na utabibu. Darasani vijana wanasoma jinsi kisukari kinavyoharibu figo, macho na mishipa ya miguu. Nje ya ukuta, watu wazima wa mtaa wanaishi na maradhi yaleyale.

Hali yenyewe si siri. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta karibu theluthi moja ya watu wazima wana shinikizo la juu la damu. Kwa Tanzania nzima, tafiti za kitaifa za afya zilionesha kuwa mwaka 2010 asilimia 22 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliopita kiasi. Ilipofika 2015–16 walikuwa asilimia 28. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Jiulize katika ukoo wako ni wangapi wanaomeza vidonge vya presha, na ni wangapi wanaojichoma insulini kabla ya kula. Mimi nikianza kuwahesabu wa kwetu, vidole vya mikono havitoshi.

Elimu imetolewa. Redioni wanasema, Hospitali ya Mnazi Mmoja wanasema, na masheikh wanatukumbusha mafundisho ya Mtume ya kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Kila mama wa hapa atakwambia bila kusita kuwa sukari ina madhara, chumvi ina madhara, mafuta yaliyokaangiwa mara ya nne yana madhara. Kisha atampakulia mgeni wake wali vijiko vitano na kumsisitiza aongeze. Ukimuuliza kwa nini asimpe mgeni muhogo na samaki, anashtuka: "Mwanangu, mgeni umpe muhogo? Watu watasema nini?"

Hapo ndipo penye shida yetu, na ndipo ninapoomba tupaangalie kwa makini. Kinachotushinda Unguja ni heshima. Tumeamini kwamba mtu aliyefanikiwa anajulikana kwa wali mweupe na nyama juu ya sinia, na kwamba muhogo, kiazi kitamu, jimbi na shelisheli ni vyakula vya mtu asiyekuwa nacho.

Imani hiyo ina historia, na si haki kuwalaumu wazee wetu bila kuijua. Tangu ardhi nzuri ya kisiwa hiki ilipotawaliwa na mikarafuu na minazi, mchele mwingi ulikuwa ukija kwa meli. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili sehemu kubwa ilitoka Burma. Mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Burma, meli zikakatika, na watu waliozoea wali wakarudi kwenye mihogo na nafaka zilizopatikana karibu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitaka visiwa vijilishe vyenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uagizaji wa chakula ukabanwa, mchele ukatolewa kwa mgao, na foleni za madukani zikawa sehemu ya maisha. Karume aliuawa Aprili 1972, na chini ya Mzee Aboud Jumbe masharti yakalegea kidogo kidogo. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar mwaka 1984, biashara ikafunguliwa. Bidhaa za Dubai zikajaa Darajani, na mchele ukarudi kwa magunia.

Mama aliyewalisha wanawe muhogo mtupu asubuhi, mchana na usiku kwa sababu hakikuwepo kingine, siku mchele uliporudi aliapa kwamba watoto wake hawatauona tena muhogo ule. Namwelewa. Wali kwake ulikuwa ushahidi kwamba dhiki imepita. Lakini wajukuu wake hawakurithi dhiki, walirithi kiapo tu, nao wanakitimiza mara tatu kwa siku huku wamekaa ofisini kutwa nzima, mwili hautoi jasho.

Sasa tazama linalotokea Ramadhani. Mwezi ukiandama, muhogo unarudishiwa cheo chake mara moja. Nyumba ya waziri na nyumba ya mchukuzi zote zinapika futari: mihogo ya nazi, majimbi, ndizi mbichi, boga, shelisheli, kunde, na samaki pembeni. Mgeni anakaribishwa futari hiyohiyo na hakuna anayesema nyumba imefilisika. Watu hupelekeana vibakuli, na asiyepata shelisheli kwa jirani huona amepungukiwa. Basi ladha hatujaikataa, na ujuzi wa kupika hatujaupoteza. Ikifika Idi tunaufunga mlango ule, tunarudi kwenye wali, na muhogo unangoja miezi kumi na moja. Najua kwamba Ramadhani yetu ina madhambi yake ya mezani: kaimati zinazoelea kwenye shira, tambi za sukari, sambusa na bajia zinazochuruzika mafuta. Hayo sitayatetea. Chungu cha futari nitakitetea popote.

Jirani yangu mmoja, bibi mwenye wajukuu, aliambiwa na daktari kuwa sukari yake imepanda. Wanawe walimjia juu kwa mapenzi. Wakamletea unga wa shayiri wa kopo, biskuti za wagonjwa, chumvi ya bei mbaya na blenda kubwa ya kusagia juisi za kijani alizoelekezwa binti yake kwenye simu. Vitu vile vilimjazia jiko na kuwatoa wanawe fedha, na yeye mwenyewe hakuvipenda hata kimoja. Ramadhani ilipokwisha na Mfunguo Mosi ulipoingia, akafanya jambo jepesi kuliko yote: akaendelea kupika futari.

Nimekaa naye jikoni nikamtazama. Muhogo anauchagua mchanga, anaumenya, anaupasua kwa urefu na kuutoa uzi wa kati, kisha anauchemsha mpaka unaanza kufunguka wenyewe. Nazi anaikuna kwenye mbuzi ileile aliyoachiwa na mama yake. Anaichuja kwa kifumbu, lakini siku hizi kasimile, lile tui zito la mwanzo, analiweka kando na kuupikia muhogo tui la pili, jepesi. Mwisho kabisa anamimina kasimile upawa mmoja, basi, ili harufu ikae. Vidonge vya supu vyenye chumvi amevitoa jikoni kwake. Badala yake anatia kitunguu, tangawizi, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na ndimu anaikamulia juu akiwa ameshaepua. Samaki ni changu wa kuchoma. Halafu, na hili ndilo lililobadilisha sinia lake, anapika fungu zima la matembele au mchicha kwa watu wanne, kiasi ambacho zamani kingewalisha kumi. Kila mtu anapata vipande vitatu vya muhogo, samaki, na majani yanayofunika nusu ya sahani.

Nusu hiyo ya majani ndiyo dawa, na nisingependa msomaji aondoke hapa akidhani muhogo peke yake unaponya kitu. Muhogo ni wanga kama ulivyo wali. Mwenye kisukari akila sinia lake lote, kipimo kitamwonesha kesho yake. Una protini kidogo mno, ndiyo maana wazee waliupangia samaki na kunde. Mihogo michungu ina sumu inayotaka kutolewa kwa kuloweka na kukausha, na kisamvu nacho sharti kitwangwe na kipikwe kikapikika. Uzuri wa muhogo, kiazi na shelisheli ni kwamba huliwa vikiwa vizima, havijapita kwenye kinu cha kukoboa, na kwa desturi yetu haviliwi peke yake. Huvuta majani, maharage na samaki. Wali mweupe tumeuzoesha kusimama na mchuzi tu.

Samaki nao tuwatazame. Ukienda Mangapwani utaona dagaa waliochemshwa kwa chumvi wakianikwa juani, na wafanyabiashara wanaowasafirisha mpaka Kongo. Nafurahi wavuvi na akina mama waanikaji wanapata riziki. Ninachoumia ni kuona kisiwa kinachotoa dagaa wa kulisha watu wa mbali kinawapa watoto wake mapaja ya kuku wa barafu kutoka ng'ambo, yaliyotumbukizwa kwenye mafuta meusi. Dagaa analiwa na mifupa yake, na mifupa ile ni chokaa ya mifupa ya mtoto. Akilowekwa usiku kucha ili chumvi imtoke, akaungwa kwa nyanya na bamia, hana mpinzani kwa bei yake.

Kuhusu sukari, chukua penseli. Katika nyumba ya watu sita inayomaliza kilo mbili za sukari kwa wiki, na hizo ni nyumba za kawaida kabisa hapa, kila mtu anakula kama gramu 48 kwa siku. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na likasema ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, kama gramu 25, ambazo ni vijiko sita vya chai. Kwa hiyo chai na uji peke yake vimeshatufikisha ukingoni. Soda moja ya mililita 350, yenye zaidi ya gramu 35, inatupitisha. Na hapo hatujagusa visheti, kashata wala juisi ya ukwaju inayotiwa sukari vikombe viwili. Bibi yule hakuwakataza wajukuu sukari, alijua watanuna. Aliacha kuitia ndani ya birika. Chai inaletwa kavu, yenye mdalasini, iliki na mchaichai, na bakuli la sukari liko mezani kila mtu ajitilie mwenyewe kwa kijiko. Anasema kilo mbili zile sasa zinavuka wiki ya pili.

Chumvi ni jambo la mstari mmoja: kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima, na humo humo ihesabiwe ya mkate, ya achari na ya ng'onda.

Niliposema blenda ilimjazia jiko sikuwa natania. Chakula kizito na nyumba nzito vinakwenda pamoja. Tangu milango ya Dubai ifunguliwe, nyumba zetu zimepokea makochi makubwa yasiyopita mlangoni, mapazia ya tabaka tatu, na kabati la vyombo lenye seti za sahani za dhahabu ambazo wenye nyumba hawajazilia hata siku moja. Zinamngoja mgeni. Na mgeni akija hawezi kutiliwa mchicha kwenye sahani ya dhahabu, sahani yenyewe inadai biriani. Vitu vinatupangia tunachokula. Mama anatumia Jumamosi nzima kufuta vumbi la vyombo hivyo, kisha hana nguvu ya kutwanga kisamvu, anampigia simu kijana wa bodaboda amletee chipsi.

Nimeona nyumba mbili tatu hapa zilizothubutu kupunguza. Seti zilizokaa bure wamewapa maharusi wa ukoo. Wamebaki na masinia mawili, bakuli za kutosha, sufuria tatu nzuri, kisu kikali, kinu, mbuzi na kifumbu. Wakati wa kula wanatandika mkeka na simu zote zinawekwa juu ya friji. Mkekani baba anakula alichokula mtoto, na mama anamwona anayesukuma majani pembeni. Wamehamia gesi pia, kama Serikali inavyohimiza. Mkakati wa Taifa uliotangazwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Chungu kimoja cha futari kinapikika kwenye jiko moja la gesi, ilhali wali, mchuzi, kuku wa kukaanga na chapati vinataka moto wa kutwa.

Halafu kuna uani. Mbweni ilikuwa mahali pa bustani. Mwaka 1871 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walinunua shamba hapa, wakajenga skuli ya wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Magofu yake bado yamesimama karibu na pwani. Bi. Caroline Thackeray aliiongoza kuanzia 1877, akaishi hapahapa hadi alipofariki 1926. Watu wazima walioachiwa huru walipewa vibanda na vishamba vya kujilimia. Uhuru wao wa kwanza ulianza na kipande cha ardhi cha kupanda chakula. Jirani yao, Dk. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, alikuwa na bustani aliyoijaribishia miti ya kutoka nchi mbalimbali. Leo ardhi hiyohiyo tunaifunika pevingi kutoka geti mpaka ukuta wa nyuma, kwa sababu majani yanaleta uchafu na gari inataka pa kugeuzia. Mwembe unakatwa kwa kosa la kuangusha majani. Nakuomba wewe unayejenga sasa hivi, mzuie fundi asifike kwenye kona moja. Mita chache za udongo, au hata viroba kumi vya samadi vilivyopangwa kwenye kivuli chepesi, vitakupa mchicha, matembele na pilipili mwaka mzima. Matembele hayataki ufundi: chomeka kipande cha mti wake, mwagia maji. Mpapai unaanza kuzaa kabla mtoto hajamaliza chekechea.

Watoto nimewaacha mpaka mwisho makusudi, maana wao hufuata. Ila pesa ya skuli inanitia wasiwasi. Mtoto anatoka nyumbani bila kifungua kinywa na noti mkononi, na kwenye lango la skuli vinamngoja ubuyu wenye rangi nyekundu isiyojulikana imetoka wapi, chipsi na maji ya rangi ya kwenye mfuko. Kiazi kitamu kilichochemshwa usiku, yai na kipande cha papai vinamtosha mpaka mchana, na vinaweza kuandaliwa na dada yake wa darasa la sita.

Tatizo la heshima halitatatuliwa na wanyonge. Mtu wa kipato kidogo akimpa mgeni muhogo ataonekana ameshindwa, hata kama amefanya hivyo kwa kuipenda afya ya mgeni wake. Wenye geti ndio wanaoweza kulianza jambo hili bila kusemwa, na Mbweni ina mageti mengi. Ijumaa ijayo pana hitma nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwenye nyumba ni mtu mkubwa serikalini, na watakuja wakubwa wenzake. Tumekubaliana naye: wali utakuwepo, sinia moja kwa kila masinia mawili ya futari; changu wa kuchoma; kisamvu cha kunde kwenye bakuli kubwa; maembe na mapapai badala ya soda; chai kavu na bakuli la sukari pembeni. Bibi jirani yangu ndiye atakayesimamia chungu cha shelisheli, na ameshawatuma wajukuu wakamletee nazi.